Maamuzi ya usiku yafanywe mchana: jinsi ya kumuuguza mzee wa kijijini anapokaribia mwisho

Zahanati ikiwa mbali, na daktari akiwa mbali zaidi, familia nyingi hujikuta zikifanya uamuzi mzito kuliko yote saa nane za usiku. Mzee anahema, watoto wamemzunguka, mmoja anatafuta gari, mwingine anasema aachwe apumzike, na mwenyewe hawezi tena kusema. Wako wanaofia njiani usiku huo. Wengine hufikishwa hospitali ambako hakuna jipya la kuwafanyia, wakafariki kati ya watu wasiowajua. Waliobaki hukaa na maswali kwa miaka.

Mengi ya hayo yanazuilika kwa mambo machache yaliyozungumzwa mapema, yakaandikwa, yakajulikana na kila mtu nyumbani. Nimeyapanga kwa hatua, ingawa ugonjwa haufuati hatua za mtu. Ukiwa tayari umefikwa, nenda moja kwa moja panapokuhusu leo.

Kwanza ujue jina la huduma unayoitafuta: tiba shufaa. Ni huduma ya kupunguza maumivu na mateso mengine ya mgonjwa mwenye maradhi yanayotishia uhai, na ya kuisaidia familia yake. Haingojei siku za mwisho, na mtu anaweza kuipata huku akiendelea na matibabu mengine. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 56.8 huihitaji kila mwaka, na ni kama 14% tu ya wanaoihitaji wanaoipata. Kwa hiyo msingoje kuitwa. Iombeni kwa jina.

Hatua ya 1: Utambue wakati

Hakuna awezaye kutaja siku. Lakini kuna swali ambalo madaktari wenyewe hujiuliza: mzee huyu akifariki ndani ya mwaka mmoja ujao, nitashangaa? Jibu likiwa hapana, maandalizi yaanze. Swali hilo si utabiri, na wengi huishi kupita mwaka huo. Kazi yake ni kufungua mazungumzo mapema.

Nyumbani mtaona nguo zinampwaya. Anashinda kitandani au kitini zaidi ya nusu ya mchana. Amelazwa mara kadhaa kwa tatizo lile lile, na kila akirudi amepungua kuliko alivyokwenda. Anaanguka, anapaliwa kila akimeza, vidonda havifungi. Saratani watu huielewa upesi. Kwa moyo ulioshindwa kazi, mapafu, figo, ini au ugonjwa wa kusahau, mambo hufichika zaidi: mzee huzidiwa, akapata nafuu, akazidiwa tena, na familia ikazoea kuamini kwamba nafuu itakuja kila mara.

Hata hivyo, msikubali haraka neno "ni uzee tu". Upungufu wa damu, kifua kikuu, sonona, maambukizi ya mkojo, meno mabovu, au dawa zisizopatana vinaweza kumdhoofisha mzee hadi aonekane anakata roho, na vyote vina tiba. Apimwe kwanza.

Hatua ya 2: Ulizeni waziwazi, na mrudi na karatasi

Siku ya kumwona daktari au tabibu, waende watu wawili: mmoja asikilize, mwingine aandike. Mtu aliyeshtuka hasikii nusu ya anayoambiwa. Ulizeni haya:

- Ugonjwa huu unaweza kupona, au tunachoweza ni kupunguza makali yake?
- Tutarajie nini miezi ijayo, na dalili gani zitatuonyesha kwamba hali inageuka?
- Matibabu haya yatamwongezea nini, na yatamchosha kiasi gani?
- Safari ipi ya hospitali ni ya lazima, na ipi tunaweza kuiacha?
- Dawa gani kati ya hizi bado zinamsaidia?

Swali la mwisho huwa halipewi uzito, nalo lina uzito mkubwa. Mzee aliyepungua kula huku akiendelea na vidonge vile vile vya kisukari sukari yake inaweza kushuka hadi akazimia. Wa presha naye, mwili ukikonda, vidonge vya zamani vinaweza kumfanya aanguke kila anaposimama. Dawa ya kupunguza mafuta kwenye damu, ambayo faida yake huonekana baada ya miaka, huenda haina tena kazi kwake. Msiziache wenyewe lakini: dawa za kifafa na zile za jamii ya steroidi ni hatari kukatwa ghafla. Mwombeni tabibu azipitie moja moja, abakishe zinazomfaa sasa.

Kisha msiondoke bila barua. Ukurasa mmoja unatosha: jina la ugonjwa, umefikia wapi, dawa na vipimo vyake, nini kifanyike akizidiwa, na nambari ya simu ya wodi au kliniki inayomjua. Ipelekeni zahanati ya karibu kabla hajazidiwa, na kila mtoto awe na picha yake kwenye simu. Muuguzi wa zamu akiisoma atajua pa kuanzia, badala ya kumwona mgonjwa mgeni aliyeletwa usiku na watu wanaolia.

Hatua ya 3: Zungumzeni na mzee mwenyewe

Hapa ndipo familia nyingi hukwama, na kwa nia njema kabisa. Hukubaliana kumficha. Daktari huitwa pembeni, watoto huambiwa wasilie mbele yake, na kila anayeingia chumbani husema "utapona tu". Mimi naamini kumficha humwachia mzee upweke asiostahili. Mwili ni wake, na mara nyingi anajua. Anachokosa ni mtu wa kuongea naye.

Chagueni saa ambayo maumivu yametulia, kwa wazee wengi asubuhi. Awepo mtu mmoja au wawili anaowaamini, siyo baraza zima. Kaa mkitazamana, upande wa sikio linalosikia, na kama ana miwani avae. Anza na anachokijua yeye: "Baba, wewe mwenyewe unaionaje hali yako?" Kisha nyamaza. Jibu likichelewa, liache lichelewe.

Mengine yatafuata yenyewe, siku hiyo au nyingine. "Mama, kitu gani kinakutia hofu zaidi?" "Kuna jambo au mtu ungependa kumuwahi?" "Ikifika mahali hospitali haiwezi kuuondoa ugonjwa, ungependa uwe wapi?" "Usipoweza kusema, nani akusemee?" Mzee akijibu kwa mkato kwamba akifa mtajua la kufanya, mjibu kwa upole: "Tutajua ukituambia." Akisema hataki kusikia habari za ugonjwa, mambo yote aambiwe mwanawe fulani, hayo nayo ni maagizo yake na yafuatwe.

Wenye ugonjwa wa kusahau waulizwe mapema kabisa, wakiwa bado wanajua wanachotaka. Muda huo ukishapita, ulizaneni nyinyi: katika maisha yake yote alisema nini kuhusu wagonjwa wengine, alichukia nini, alithamini nini? Swali liwe angelitaka nini yeye, siyo sisi tunataka nini.

Daktari Cicely Saunders, aliyefungua hospisi ya St Christopher's, yaani nyumba ya kuwahudumia wanaokaribia kufa, jijini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mtu anayekaribia kufa yana pande nne: mwili, moyo, mahusiano na roho. Ndiyo maana mtu anaweza kupewa dawa sahihi akaendelea kuugulia, kumbe kinachomsumbua ni deni, mtoto waliyekosana, au hofu ya kukutana na Mola wake. Kiongozi wake wa dini aitwe mapema, mzee akitaka, angali anaweza kuongea.

Ushauri mmoja nauwekea mkazo: siku ya kuzungumzia uuguzi isiwe siku ya kuzungumzia mashamba. Mkichanganya, mzee atadhani mnaharakisha kifo chake ili mgawane. Wosia wa mali una siku yake na mashahidi wake.

Hatua ya 4: Awepo msemaji, na maneno yaandikwe

Msemaji si lazima awe mkubwa wa kuzaliwa wala anayelipa gharama. Anafaa mtu anayeweza kutamka alichotaka mzee hata kama yeye binafsi angetaka vingine, anayepatikana kwa simu, na ambaye hatetereki ndugu wakipandisha sauti. Mzee amtaje mwenyewe mbele ya wengine.

Andikeni kwa lugha ya kawaida: nani msemaji, wapi angependa kuuguzwa, matibabu gani anayakubali na yapi hayataki. Tajeni mrija wa kulishia, mashine ya kupumulia, na kushtua moyo uliosimama. Hilo la mwisho watu hulidhania kuwa rahisi. Kwa mzee dhaifu mwenye maradhi yaliyofika mwisho, ni nadra sana kumrudisha, na kifua kinachokandamizwa kwa nguvu mara nyingi huvunjika mbavu. Mzee atie sahihi au dole gumba, mashahidi wawili wasiomrithi watie zao. Sheria hutofautiana nchi hadi nchi, kwa hiyo muulizeni mwanasheria au ofisa wa serikali ya mtaa kama hati hiyo ina nguvu kisheria na iandikwe vipi. Hata pale isipokuwa na nguvu hiyo, daktari anayekutana na mgonjwa asiyeweza kusema huishukuru.

Watoto walio mbali washirikishwe sasa, kwa simu yenye sauti ya nje, wamsikie mzee mwenyewe akisema. Anayefika siku ya mwisho bila kuwa na habari ndiye hudai kila kitu kifanyike, na si kwa ubaya: ana uchungu, na hajapata muda wa kuuzoea ukweli ambao wenzake wameishi nao miezi.

Hatua ya 5: Mpango wa usiku

Chukueni daftari moja, likae chumbani kwa mgonjwa. Ukurasa wa kwanza uandikwe kwa herufi kubwa zinazosomeka kwa tochi: dalili inayoweza kutokea, cha kufanya kwanza, dawa ipi na kiasi gani kama alivyoandika tabibu, na nani apigiwe. Mwombeni muuguzi aujaze pamoja nanyi. Kurasa zinazofuata ni za kumbukumbu ya kila siku: saa, dawa, maumivu yalikuwaje kabla na baada, amepata choo lini.

Halafu fikirini umbali kwa undani wake. Simu inashika mtandao wapi, uani au kilimani? Nani huhakikisha ina chaji na salio kila jioni? Ni dereva gani amekubali kuamshwa, na wa pili ni nani huyo asipopatikana? Mvua ikikata barabara, mnapita wapi? Zahanati hufungwa saa ngapi, na muuguzi anaishi wapi? Dawa za maumivu makali hazipatikani kila duka la dawa. Ulizeni ni kituo gani hasa huwa nazo, siku zipi, na kama mtu mwingine anaweza kumchukulia mgonjwa kwa barua. Akiba ikibaki ya wiki mbili, mtu atumwe. Msingoje chupa ya mwisho.

Ndani ya nyumba wekeni tochi, glavu, plastiki ya kutandika juu ya godoro, mito ya ziada, na vitambaa vya rangi nzito. Hivyo vitambaa ni kwa mgonjwa ambaye tabibu amesema anaweza kutokwa damu nyingi. Damu kwenye kitambaa cheusi au chekundu humtisha kidogo kuliko kwenye shuka jeupe.

Kuna mambo ambayo hata aliyeamua kufia nyumbani anastahili kupelekwa hospitali, maana kule huweza kuondolewa mateso ambayo nyumbani hayaondoki:

- Mkojo umeziba na tumbo la chini limevimba. Mpira wa mkojo humpa nafuu mara moja.
- Amevunjika mfupa.
- Ana saratani, na ghafla mgongo unamuuma huku miguu ikilegea au akishindwa kuzuia haja. Aende siku hiyo hiyo, kwani uti wa mgongo unaweza kuwa unabanwa, na kuchelewa humwacha amepooza.
- Maumivu au kukosa pumzi kumeshinda dawa zote zilizoandikwa kwenye daftari.

Nje ya hayo, kabla ya kuwasha gari mpigieni msemaji, someni ukurasa wa kwanza.

Hatua ya 6: Maumivu

Mzee asiachwe avumilie. Wengi wa kizazi chao hawalalamiki, kwa hiyo tazama uso, tazama anavyogeuka, sikiliza pumzi. Asiyeweza kusema husema kwa kukunja paji la uso, kushika sehemu moja, kukataa kuguswa. Anayeweza, muulize ni kiasi gani kuanzia 0 hadi 10, uandike.

Kwa maumivu makali dawa kuu ni mofini. Imezungukwa na hofu nyingi, hata miongoni mwa baadhi ya wahudumu wa afya. Ikitolewa kwa kipimo sahihi kwa sababu ya maumivu, haiui wala haiharakishi kifo, na mgonjwa wa aina hii ni nadra kuwa mraibu wake. Kupewa mofini hakumaanishi siku zimekwisha. Wako wanaoitumia kwa miezi, wakikaa uani wakiongea na wajukuu kwa sababu maumivu yametulia.

Ile ya maji huanza kufanya kazi baada ya nusu saa hivi, na nguvu yake hudumu kama saa nne. Ndiyo maana hutolewa kwa saa, siyo kwa kungoja maumivu yarudi. Anayengojea hadi mgonjwa alie huwa anaanza vita upya kila mara. Tabibu huandika pia kipimo cha ziada kwa maumivu yanayochomoza kati ya saa na saa. Kila mkikitumia kiandikeni, maana ndicho kitakachomwonyesha kwamba kipimo cha kawaida kiongezwe. Msiongeze wenyewe. Vidonge vinavyoachia dawa polepole visisagwe wala kutafunwa, kwani dawa iliyokusudiwa kudumu saa 12 inaweza kuingia mwilini yote kwa mara moja.

Siku chache za kwanza atasinzia na pengine kusikia kichefuchefu, kisha hupungua. Kufunga choo hakupungui. Kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku ile ile mofini inapoanza, na iendelee. Nimeona ajabu kwamba jambo dogo kama hili husahaulika: mgonjwa akakaa siku nyingi bila choo, akaanza kuweweseka na kuikataa mofini, na watu wakasema dawa imemshinda.

Mpigieni muuguzi mara moja mkiona haamki kirahisi, pumzi zimekuwa chache mno, au misuli inarukaruka. Mwenye figo dhaifu yumo hatarini zaidi na huhitaji kipimo kidogo, au dawa nyingine kabisa.

Mkiambiwa "hapa hatuna anayeruhusiwa kuiandika", ulizeni ni nani wa karibu aliyeruhusiwa. Sheria zinabadilika. Daktari Anne Merriman alipoanzisha huduma ya hospisi nchini Uganda mwaka 1993, alitumia mofini ya unga iliyochanganywa na maji, ya gharama ndogo, inayonywewa nyumbani. Mwaka 2004 nchi hiyo ikawaruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu kuiandika, ili wagonjwa wa vijijini wasilazimike kumtafuta daktari. Pengine kwenu kuna utaratibu unaofanana na huo ambao haujatangazwa vya kutosha.

Chupa ifungiwe mbali na watoto, na hesabu yake iandikwe.

Hatua ya 7: Mwili wa kila siku

Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila saa mbili mchana, na usiku kadiri mnavyoweza bila kumtesa. Mto kati ya magoti, mwingine chini ya mashavu ya miguu ili visigino visiguse godoro. Angalieni kiunoni, nyonga na visigino kila mnapomwosha: wekundu au weusi usiofifia ukiugusa ndiyo mwanzo wa kidonda cha kulalia. Msipasugue hapo.

Kinywa kisafishwe mara nyingi kwa kitambaa laini chenye maji, midomo ipakwe mafuta. Kinywa kikavu humsumbua kuliko njaa.

Anayekosa pumzi msimlaze chali. Akae ameegemea mito, dirisha liwe wazi, watu wapungue chumbani, mmoja ampepee taratibu usoni. Upepo wa usoni hutuliza hisia ya kukosa hewa hata pale hewa mwilini inapotosha. Tabibu anaweza pia kuandika mofini kidogo kwa ajili hiyo.

Akianza kuchanganyikiwa ghafla, kuona vitu au kuwafukuza watu, msiseme amerogwa wala kwamba ndivyo kufa kulivyo. Kagueni kwanza: amepata choo? Mkojo unatoka? Ana homa? Kuna dawa mpya? Ana maumivu asiyoweza kuyataja? Wakati huo taa hafifu iwake, na akae na mtu anayemjua.

Hatua ya 8: Chakula

Hakuna jambo linaloumiza familia kama mzee kufunga mdomo. Kumlisha ndiyo namna tuliyojua ya kumpenda. Lakini katika wiki za mwisho mwili hupoteza uwezo wa kukitumia chakula, na hamu huondoka kwa sababu hiyo. Hafi kwa kutokula. Anaacha kula kwa sababu anakufa. Kumlazimisha humpa kichefuchefu, au chakula kikaingia mapafuni.

Mpeni akitaka, anachotaka, kijiko kimoja kimoja, akiwa ameketi. Akikataa, msimgombeze. Kuhusu dripu, muulizeni tabibu itamsaidia nini hasa: katika siku za mwisho maji mengi huweza kujaa mapafuni na miguuni, yakamwongezea shida. Na kwa mwenye ugonjwa wa kusahau uliofika mwisho, mrija wa kulishia haujaonyesha kwamba unarefusha maisha wala kuzuia kupaliwa. Mkono uliozoea kumlisha, ukimpaka mafuta miguuni au ukishika mkono wake, bado unamhudumia.

Hatua ya 9: Anayeuguza naye ni mtu

Katika nyumba nyingi mzigo huu humwangukia mwanamke mmoja: mke, binti au mkamwana. Wengine huja kusalimu, wakatoa maoni, wakaondoka. Hilo lisemwe waziwazi katika kikao cha familia, na zamu ziandikwe kwa majina na siku. Anayeishi mbali hawezi kugeuza mgonjwa, lakini anaweza kulipia dawa na usafiri, kupiga simu za kliniki, au kuja wiki moja ili muuguzaji alale. Aliye karibu asiye na fedha ateke maji, afue, akae na mgonjwa alasiri mbili kwa wiki.

Majirani waombwe kitu mahususi. Ukisema "mtusaidie", wataitikia kwa moyo na wasijue waanzie wapi. Ukisema "Jumanne nikienda kuchukua dawa, naomba ukae na bibi", watakuja. Huko Kerala, jimbo la kusini mwa India lililotunga sera ya tiba shufaa mwaka 2008, sehemu kubwa ya huduma hufika majumbani kwa mikono ya wajitolea wa mitaa na vijiji wakishirikiana na wauguzi. Waliofundishwa kugeuza mgonjwa, kusafisha kidonda na kusikiliza si lazima wawe wamesomea udaktari.

Muuguzaji akianza kukasirika ovyo, kukosa usingizi hata akipata nafasi, au kutamani mambo yaishe, msimhukumu. Amechoka. Mpokeeni.

Hatua ya 10: Siku za mwisho

Atalala muda mwingi, kisha wote. Hatameza. Mkojo utapungua na kuwa wa rangi nzito. Mikono na miguu itapoa, ngozi itakuwa na mabaka. Pumzi zitakuja kwa kasi, zitapungua, zitasimama kwa muda, zianze tena. Huenda kooni pakatoka sauti ya kukoroma kwa sababu ya mate asiyoweza kuyameza. Sauti hiyo huwatesa wasikilizaji kuliko inavyomtesa yeye; mlazeni ubavu, kichwa kiinuke kidogo. Msimwagie maji kinywani.

Vidonge havimezeki tena, kwa hiyo mpigieni muuguzi kabla ya hapo awaelekeze namna nyingine ya kutoa dawa za maumivu. Msizikatishe ghafla kwa kuwa amelala.

Endeleeni kuongea naye. Utafiti wa University of British Columbia, huko Kanada, uliochapishwa mwaka 2020 ulipima ubongo wa wagonjwa wa hospisi waliokuwa hawajitambui tena, ukaona baadhi yao bado ubongo unaitikia sauti. Basi mwambieni nani yupo, nani yuko njiani. Na aliye mbali awekewe simu sikioni kwake, aseme alilonalo. Ugomvi wowote uende uani.

Hatua ya 11: Akishafariki

Hakuna haja ya kukimbia. Angalieni saa, iandikeni. Kifo kilichotarajiwa hakihitaji gari la dharura; mpigieni muuguzi au kiongozi wa eneo kama mlivyokubaliana, maana kibali cha maziko na cheti cha kifo vitahitaji taarifa ya mtu anayetambuliwa na serikali. Ulizeni utaratibu huo mapema, wakati wa kuandika daftari, ili msije mkahangaikia karatasi siku ya msiba. Mofini na dawa zilizobaki zirudishwe kituoni zilikotoka, asipewe mgonjwa mwingine.

Watu wakishatawanyika, muuguzaji ndiye hubaki na saa nyingi zisizo na kazi. Atembelewe wiki ya tatu na ya nne, si siku ya tatu peke yake. Ikipita miezi naye hali, halali, au anasema heri amfuate marehemu, apelekwe kwa mtaalamu.

Na kama mzee ameacha mwenza, mwenza huyo apelekwe kliniki katika mwezi wa kwanza. Mara nyingi katika kuuguza alisahau dawa zake mwenyewe, presha imepanda, uzito umepungua, na kwa vile halalamiki hakuna aliyemuuliza.